Mkamwana Asiyesali

Tulimzika Mama Baraka mwezi uliopita, katika shamba la migomba na kahawa kule juu ya Tengeru, bila joho wala kengele. Mchungaji wa usharika, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alikuja amevaa sweta la kawaida, akasimama katikati ya majirani, akapokea koleo zamu yake ilipofika na kutupa udongo kama wengine. Zaidi ya hapo taratibu za kanisa hazikumruhusu, na alinieleza hivyo mwenyewe kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Marehemu hakuwa msharika. Alikuwa ameacha kusali tangu ujana wake, na hakurudi kundini mpaka anafumba macho.

Siku moja kabla ya mazishi, Penina alinivuta nyuma ya banda la ng'ombe. Penina ni wifi yake Mama Baraka, dada wa yule mume aliyeondoka zamani. Sasa ni bibi wa watu, anatembea kwa mkongojo, na macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. "Naserian," akaniambia, "wewe ndiye uliyekuwa naye hospitali mwishoni. Mwambie mchungaji kwamba alimwita Bwana. Neno moja tu, tumzike kama watu." Nikamwambia hakumwita. Alikunywa maji, akaniuliza kama mvua imeshanyesha huku juu, akageukia ukutani akalala. Penina akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi sema aliomba maji kwa jina la Bwana." Ningeweza kucheka kama si vile alivyonishika mkono. Nikamwambia siwezi. Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Wewe mtu wa kwaya," akasema, "ndiye unayemfungia mlango?" Tangu siku hiyo hajanipigia simu, na mimi kila nikishika simu nimpigie, naiweka tena mezani.

Sikumkatalia kwa sababu mimi ni mkweli kuliko watu wengine. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, na kwa miaka hiyo nimewaambia watu wengi maneno ambayo nilijua si kweli, kwa sababu walikuwa wanaogopa na mimi nilikuwa na haraka. Lakini juu ya kitanda cha huyu mmoja sikuweza kuweka uongo, hata ule mdogo wa huruma. Sababu yake iko katika mwaka mmoja nilioishi chini ya dari moja na yeye, nikiwa binti niliyemaliza kidato cha nne na kusubiri nafasi ya chuo. Mchungaji wetu kule Oldonyo Sambu ndiye aliyenitafutia mahali. Alisema kuna bibi mmoja upande wa Meru amepigwa kiharusi, anahitaji msichana mcha Mungu wa kumsomea Neno na kumsaidia mkamwana wake. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mkamwana mwenyewe "ana shida ya imani," kwa hiyo niwe mwangalifu.

Mimi nilikulia upande mkavu wa mlima, kwenye vumbi na upepo, ambako mti ukiuona unaujua kwa jina. Nilipofika kule juu nilidhani nimeingia ndani ya jani. Migomba ilifunika nyumba mpaka madirishani, maji ya mfereji yalisikika usiku na mchana, na asubuhi za mwezi wa sita ukungu ulishuka ukakaa uani kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka. Nyumba ilikuwa ya matofali, sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa rangi nyekundu. Sebuleni kila kiti kilikuwa na kitambaa cha kufuma, na ukutani kulikuwa na kalenda ya kanisa na picha ya mtoto wa kiume amekaa kwenye kigoda, miguu haifiki chini. Huyo ndiye Baraka. Alikufa kwa homa kabla hajaanza shule. Baba yake akaenda Mererani kuchimba mawe ya thamani, akapata mwanamke mwingine huko, hakurudi. Mama Baraka akabaki na jina la mtoto ambaye hayupo, katika nyumba ya mama wa mume ambaye hayupo, na kila mtu akimwita anamkumbusha vyote viwili.

Bibi Anaeli alilazwa chumba cha mbele, kitanda chake kimesogezwa dirishani ili aone kahawa. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yake yalitoka yamekatikakatika. Ilinichukua majuma kadhaa kuyazoea, baadaye nikawa mkalimani wake kwa wageni. Alikuwa mwanamke wa sala kweli kweli, si wa maneno. Kila asubuhi nilimsomea, kisha tunaomba, na kila asubuhi Mama Baraka alisimama mlangoni na ndoo ya maji ya moto, akisubiri. Hakuinamisha kichwa wala hakuguna. Alisubiri kama unavyosubiri watu wawili wamalize mazungumzo yasiyokuhusu. Bibi alijua yuko pale, basi aliirefusha sala makusudi, akimwombea mkamwana wake arudi kundini, afunguliwe macho, alainishwe moyo, mpaka mvuke wa ndoo unaanza kupungua. "Amina" ikitoka tu, Mama Baraka alisema, "Haya mama, maji," akaingia.

Miezi ya mwanzo Bibi hakupenda kuguswa naye. Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, Mama Baraka amekunja mikono ya sweta, anamgeuza ili ambadilishie shuka, na Bibi analia kwa hasira. "Kwa nini unaninawisha wewe?" akauliza. "Mume wako alikuacha. Mtoto hayupo. Mungu humtaki. Kwangu unataka nini?" Mama Baraka alikuwa anakamua kitambaa. "Umejichafua, mama," akasema. "Nyanyua huo mkono mzima." Akamfuta, akamkausha, akampaka mafuta mgongoni pale ngozi ilipoanza kuwa nyekundu. Kisha akaenda jikoni, akarudi na mtori wa moto, ule wa ndizi zilizopondwa, akamlisha kijiko kwa kijiko huku akipuliza kila kimoja. Mimi nilisimama na shuka chafu mikononi, nikiwa sijui nitazame wapi. Darasa la kipaimara tulifundishwa kwamba matendo mema ni matunda ya imani. Hapa nilikuwa naona ndizi mbivu, lakini mgomba siuoni.

Nilidhani amemkasirikia Mungu kwa ajili ya mtoto. Wote walidhani hivyo, na nafikiri ilitufariji, kwa sababu hasira huisha. Siku moja tukipogoa kahawa nikajikaza nikamuuliza. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Wenye hasira naye bado wanaongea naye," akasema. "Mimi nilikuwa naye, Naserian. Nilikuwa naimba kuliko wewe. Halafu, si wakati wa msiba, baadaye, kama mwaka umepita, niko mfereji nafua, nikagundua sina ninayemwambia. Kama mvua inavyokatika na wewe unaendelea kufua, hujui imekatika saa ngapi." Nikamuuliza kama haogopi. Akasema anaogopa vitu vingi. Anaogopa Bibi ataanguka kitandani, anaogopa kiangazi ng'ombe akose majani. "Basi kwa nini unabaki hapa?" nikamuuliza. Swali hilo lilimsimamisha. Alikata tawi, akaliangalia, akalitupa. "Asubuhi nikiamka namsikia anakohoa," akasema. "Ukimsikia mtu anakohoa unaenda kumwangalia. Wewe huendi?" Nilijibu kwamba naenda. "Basi," akasema, akahamia mti mwingine.

Jibu hilo halikunitosha, na nikiri kwamba mpaka leo halinitoshi sana. Nilitaka aseme kitu kikubwa. Jioni tukila loshoro jikoni, mahindi kwa maziwa ya mgando, moshi unatuuma macho, nilimchunguza kama mtu anayemtafuta mwizi: labda anataka shamba, labda anasubiri mume arudi, labda anaomba kwa siri. Nilikuwa na miaka michache ya utu uzima na niliamini kila mtu anafanya wema kwa kuogopa kitu au kwa kutarajia kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Kila nilipomwaga chombo cha Bibi nilihisi kuna macho yananitazama kutoka juu na kunipigia alama ya vema. Mama Baraka alikimwaga hicho hicho na hakuna aliyemtazama isipokuwa kuku.

Katikati ya mwaka familia iliita kikao. Penina ndiye aliyekiomba, akitaka mama yake ahamishwe pale. Alikuwa anaishi mjini, akija Jumapili baada ya ibada na nguo zake nyeupe, akimwombea mama yake mpaka jasho linamtoka, na akiondoka kabla giza halijaingia. Sikumpenda wakati ule. Sasa naelewa kwamba alikuwa anaogopa: mama yake yuko mikononi mwa mtu ambaye hakuna kinachomfunga, si ndoa, si mtoto, si kanisa. Alikuja na baba yake mdogo, Mzee Ndekirwa, mzee wa kanisa, ambaye ndiye aliyembeba Bibi mgongoni siku ya kiharusi mpaka barabarani kwenye gari. Walikaa sebuleni. Mlango wa chumba cha Bibi uliachwa wazi ili asikie, nami nikakaa kizingitini. Mama Baraka hakuwa na kiti. Alisimama karibu na kabati la vyombo, mikono ndani ya khanga.

Mzee Ndekirwa alizunguka sana kabla hajafika. Alimshukuru, alimsifu kwa kazi, akasema hakuna aliyeona kosa. Lakini mtu mzima hutazama mbele. Kisha akasema, "Mwanangu, naomba unielewe. Mtu asiyemwogopa Mungu, siku akichoka, nini kitamzuia? Mgonjwa hasemi vizuri. Siku umechoka, umekasirika, nini kitakuzuia usimtilie kitu kwenye chakula?" Penina akainama, akajifuta macho. Ilisemwa sasa, na chumba kizima kikawa kidogo. Nilimwangalia Mama Baraka nikitarajia apige kelele, au atoke. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefikiri kweli.

"Baba," akasema, "naomba niulize, si kwa dharau. Wewe ukija hapa, unamletea maziwa. Nini kinachokuzuia wewe usimtilie sumu?"

"Ah! Mimi?" Mzee akashtuka mpaka kofia ikamwanguka magotini. "Nimtilie sumu shemeji yangu huyu?"

"Umeona, baba," Mama Baraka akasema kwa upole. "Umesema shemeji yangu. Hukusema Mungu."

Nje mtu alikuwa anakata majani ya ng'ombe, tukasikia panga lake. Mzee Ndekirwa hakuwa mjinga wala mtu wa kukasirika ovyo. Aliokota kofia, akaishika kwa mikono miwili. Akasema, taratibu, "Ni kweli nimesema hivyo. Lakini nani aliyeuweka huo ushemeji moyoni mwangu, ukawahi kutoka kabla sijafikiri?"

"Hilo silijui, baba," akajibu. "Kama ni yeye, basi alituwekea wote."

Hapo sauti ya Bibi ikatoka chumbani, nzito, iliyokatika. Wote wakanigeukia mimi. "Anasema nini?" Penina akauliza. Niliona aibu kutafsiri, kwa sababu nilitegemea neno la kuamua shauri. "Anasema maji yake ya kuoga yanapoa," nikasema. Mama Baraka akajifunga khanga kiunoni, akapita kati yao, akaingia kwa Bibi na kurudisha mlango. Wageni wakabaki sebuleni na mimi, wakisikiliza maji yakimwagika kwenye beseni. Kisha wakaaga. Habari ya kumhamisha Bibi haikutajwa tena.

Mvua za vuli zilipoanza, kiharusi kilirudi mara ya pili, na daktari akatuambia tukae naye nyumbani. Bibi alikuwa amekonda mpaka ngozi ya mkono inabaki imesimama ukiivuta. Alasiri moja, mimi niko upande huu wa kitanda, Mama Baraka upande ule akimkata kucha, Bibi alimshika kidole. "Ninakokwenda," akasema, "tutaonana?" Mama Baraka aliacha kukata. Nilimkazia macho, nikimsukuma kwa kila nilichokuwa nacho aseme ndiyo. Ilikuwa silabi mbili tu.

"Mama, sijui," akasema. "Sidhani. Lakini niko hapa."

Bibi alifumba macho, chozi likashuka upande wa sikio. Nilimfuata Mama Baraka jikoni na kumwambia maneno ambayo binti hapaswi kumwambia mtu mzima. Nilimwambia hana moyo. Nilimwambia hata wapagani humpa anayekufa anachotaka. Alikuwa ameinama anapuliza moto, na alipoinuka niliona analia. Mwaka mzima sikuwahi kumwona akilia. "Naserian," akasema, "kila siku ananiuliza kama amejichafua, namwambia ndiyo. Ananiuliza kama mwanawe ameleta habari, namwambia hajaleta. Hana mtu mwingine anayemwambia lililopo. Mnakuja mnamwambia atapona, atatembea. Akitaka kujua ananiuliza mimi. Leo ndiyo nimpe uongo, tena wa kwenda nao?" Akajifuta kwa mgongo wa mkono. "Nenda kamwimbie. Wewe unaweza. Nenda."

Nikaenda nikaimba. Yeye alileta maji ya vuguvugu, akakaa miguuni, akamkanda Bibi nyayo mpaka wimbo ukaisha.

Bibi Anaeli alikufa asubuhi moja ukungu ukiwa umetanda, Mama Baraka amemwinua anywe uji. Mazishi yake yalikuwa makubwa, kwaya tatu, na mahubiri mazuri. Mchungaji alimshukuru Mungu aliyemtunza mtumishi wake katika ugonjwa mpaka mwisho, na watu wakaitika amina, nami nikaitika. Mama Baraka hakuwa pale. Alikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wa masufuria, amejifunga kitambaa kichwani, anageuza nyama. Mume wake hakuja, alituma salamu. Nilipozunguka huko kuchukua sahani nilimkuta Penina amekaa kwenye gogo karibu na moto, nguo zake nyeupe zimeingia majivu, anamenya ndizi na kumpokeza wifi yake moja moja. Siku wanaume wa ukoo walipokaa kuzungumzia nyumba na shamba, Penina ndiye aliyesimama akasema kwamba mwenye nyumba yumo ndani, hakuna la kujadili. Toka hapo walikuwa ndugu, miaka yote hii, mmoja akisali na mwingine akimsubiri nje ya kanisa na mwavuli. Ndiyo maana aliniomba alichoniomba nyuma ya banda, na ndiyo maana sina uchungu naye.

Mimi nilipata chuo, nikawa muuguzi, nikaolewa Lemara, nikaendelea kuimba kwaya. Sijaacha kuamini. Nikihojiwa nitasema kwamba wema wote una chanzo kimoja na ninakijua kwa jina. Lakini nikisikia mhubiri akisema kwamba bila hofu ya Mungu binadamu ni mnyama, na kwamba asiyesali usimwachie hata kuku wako, huwa naangalia chini kwenye viatu vyangu. Katika wodi nimefanya kazi na waliomwomba Mungu kwa sauti kubwa na kumwacha mgonjwa kwenye mkojo, na nimefanya kazi na waombaji ambao ningewakabidhi wanangu. Sala haikunisaidia kuwatofautisha. Kuna nyakati nimejiuliza: siku ile imani yangu ikikatika bila mimi kujua, kama mvua yake ile ya mferejini, je, nitaendelea kufua? Mama Baraka aliendelea. Hilo nililiona kwa macho yangu, na kitu ulichokiona huwezi kuambiwa hakiwezekani.

Kuna jambo moja nililoliruka, nalo sikuwahi kumwambia hata Penina. Ilikuwa siku mbili tatu baada ya lile swali la kuonana. Mama Baraka alikuwa bondeni anakata majani, nami nilikuwa napiga deki ukumbini, mlango wa Bibi ukiwa nusu wazi. Nikamsikia anaomba. Aliomba kwa Kiswahili, kwa sababu kusali alijifunzia kanisani, na kwa sauti ile iliyovunjika ambayo mimi na Mama Baraka tu tulikuwa tumejifunza kuifuata. Nilitegemea sala ya kila siku, arudi kundini, afunguliwe macho. Nikasikia nyingine. Alikohoa kwanza, kama mtu anayetafuta namna ya kuanza na mtu mkubwa. Kisha akasema:

"Bwana, huyu mimi sijui utamfanyia nini. Sikuulizi tena. Lakini ukitaka kumfanyia vibaya, usimfanyie mbele yangu."

Niliweka kitambaa chini, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuitikia amina, nikaitikia.